Fidia za chanjo Marekani: malipo yale yana maana gani kwa mzazi wa hapa?

Wiki mbili zilizopita aliingia chumbani kwangu mama mmoja na mtoto wa miezi 9, kadi ya kliniki mkononi. Siku hiyo mtoto alitakiwa kuchanjwa surua na rubela. Kabla hajakaa vizuri alinionyesha ujumbe aliotumiwa kwenye kundi la WhatsApp: Serikali ya Marekani imelipa zaidi ya dola bilioni 5 kwa watu waliodai kudhuriwa na chanjo.

"Daktari, kama chanjo hazina shida, hizo pesa wanalipa za nini?"

Kiasi hicho cha fedha ni cha kweli, na swali lake ni la haki. Nilipomdadisi zaidi, akaniambia mtoto wake wa kwanza alishikwa na degedege usiku wa siku aliyochanjwa. Aliporudi kituoni kutoa taarifa, aliambiwa ni homa tu, na hakuna aliyeandika chochote. Mtoto huyo sasa yuko shuleni, mzima. Lakini mama hajasahau.

Naandika leo kwa ajili yake na kwa wazazi wengine waliotumiwa ujumbe kama huo.

Mfuko ulianzaje?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi wengi Marekani walifungua kesi dhidi ya kampuni za dawa wakidai kuwa chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda ya wakati huo iliwaharibu watoto wao ubongo. Gharama za kesi zilipanda, kampuni kadhaa zikaacha kutengeneza chanjo, na dozi zikaanza kuadimika. Wazazi nao walikuwa wakihangaika mahakamani kwa miaka, wengine wakitoka mikono mitupu.

Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa fidia, ukaanza kazi mwaka 1988. Kila dozi hutozwa senti 75 za dola kwa kila ugonjwa inaoukinga, hivyo chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huchangia dola 2.25. Mzazi halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyefanya uzembe. Anapeleka madai mahakamani Washington dhidi ya Serikali, na waamuzi maalumu huyasikiliza. Hata akishindwa, ada ya wakili wake hulipwa na mfuko, ilimradi madai yalikuwa na msingi.

Njia tatu za kulipwa

Ujumbe wa WhatsApp haukueleza kwamba fedha hizo hulipwa kwa njia tatu tofauti.

Ya kwanza, Serikali inakubali yenyewe. Lipo jedwali la madhara yanayojulikana, pamoja na muda ambao yanatarajiwa kutokea. Kwa mfano, mzio mkali wa ghafla ndani ya saa 4 baada ya chanjo umo kwenye jedwali hilo, na mdai hahitaji kubishana sana.

Ya pili, mwamuzi anasikiliza ushahidi wa pande zote na kutoa uamuzi. Kipimo chake ni kama uwezekano kwamba chanjo ndiyo chanzo unazidi nusu.

Ya tatu ni suluhu. Pande mbili zinakaa, zinakubaliana kiasi, na shauri linafungwa. Takriban asilimia 60 ya fidia zote za mfuko huo zimelipwa kwa njia hii. Katika hati za suluhu, kwa kawaida Serikali huandika wazi kwamba haikubali kuwa chanjo ndiyo iliyosababisha madhara, lakini inalipa ili kumaliza shauri.

Kwa nini ulipe usichokikubali? Fikiria ajali ndogo ya bodaboda na gari mtaani kwenu. Wawili wanabishana nani mwenye kosa, jua linazidi kuwaka, mwisho mmoja anatoa fedha ya kutengeneza taa na kila mtu anakwenda zake. Trafiki hakupima na wala hakuna aliyetamka nani mkosaji. Mfuko nao hupima hivyo: kuwaita mabingwa watoe ushahidi ni ghali, shauri linaweza kuchukua miaka, na matokeo hayatabiriki. Familia nayo inahitaji fedha ya matibabu leo.

Kwa hiyo anayesema kila suluhu ni ushahidi kwamba chanjo imeua au imelemaza, anakosea. Lakini anayesema waliolipwa kwa suluhu walikuwa waongo naye anakosea vilevile. Suluhu huacha swali la chanzo bila jibu.

Tuziangalie namba zenyewe. Kuanzia mwaka 2006, kwa kila dozi milioni 1 zilizosambazwa Marekani, takriban mtu 1 amelipwa fidia, na hesabu hiyo inajumuisha waliolipwa kwa suluhu. Wengi wa wanaodai miaka hii si watoto. Ni watu wazima waliochomwa chanjo ya mafua na kuumia bega kwa sababu sindano ilipigwa juu mno ya mkono.

Sayansi huchelewa kuliko mahakama

Tazama kesi zilizoanzisha yote haya. Mwaka 2006, watafiti wa Australia waliwachunguza watu 14 ambao ugonjwa wao wa ubongo na degedege ulikuwa umehusishwa na chanjo ya kifaduro. Kati yao, 11 walikutwa na hitilafu kwenye jeni moja inayosababisha aina kali ya kifafa. Ugonjwa ulikuwa unakuja hata bila chanjo, ingawa homa ya chanjo ingeweza kuamsha degedege ya kwanza. Wazazi hawakusema uongo. Waliona mtoto amechanjwa, kisha wakamwona anatetemeka. Kipimo cha kueleza kilichotokea kilikuwa bado hakijapatikana.

Madhara ya kweli yapo, na daktari anayekuambia hayapo anakudanganya. Chanjo ya surua na rubela inaweza kushusha chembe sahani za damu, kwa kiasi cha mtoto 1 kati ya 30,000 hadi 40,000, na wengi hupona. Inaweza pia kuleta homa, na homa ikaleta degedege, ambayo kwa kawaida haiachi ulemavu. Surua yenyewe huvimbisha ubongo wa takriban mgonjwa 1 kati ya 1,000, mbali na nimonia na vifo.

Na hapa kwetu?

Mama yule aliposikia haya akauliza tena, "Na kikitokea kitu kwa mtoto wangu, mimi nani atanilipa?"

Hapo nilipata kigugumizi. Tanzania hatuna mfuko kama huo kwa chanjo za kawaida za watoto. Wakati wa UVIKO-19 ulianzishwa mpango wa fidia kwa nchi 92 zilizopewa chanjo kupitia COVAX, sisi na Kenya tukiwemo, lakini ulihusu chanjo hizo tu, na aliyekubali malipo yake alikuwa anafunga madai yote. Nje ya hapo, mzazi anabaki na mahakama, ambako kwa kawaida anapaswa kuthibitisha uzembe. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3, na anayetaka kuishtaki Serikali anatakiwa kutoa notisi ya siku 90.

Naona hili ni pengo. Tunamwomba kila mzazi amlete mtoto kwa faida yake na ya jamii nzima, kwa sababu wengi wakichanjwa hata mtoto mchanga ambaye hajafikia umri anakingwa. Basi yule mmoja katika mamilioni akiumia, jamii hiyohiyo imbebe. Mfuko wa fidia hauitangazi chanjo kuwa mbaya. Unampa mzazi uhakika kwamba hataachwa peke yake.

Mambo ya kufanya

Mtoto akichanjwa, kaa kituoni angalau dakika 15 hadi 30, maana mzio mkali mara nyingi hujitokeza mapema.

Hakikisha kadi imeandikwa tarehe, aina ya chanjo na, ikiwezekana, namba ya toleo la dozi. Ipige picha.

Akipata degedege, kushindwa kupumua, kulegea au kulia bila kunyamaza kwa saa nyingi, mrudishe mara moja. Sisitiza tukio liandikwe na taarifa ipelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kutoa taarifa si kumshtaki muuguzi. Ndivyo tatizo la dozi za toleo fulani linavyogundulika mapema.

Tunza karatasi zote za hospitali. Dai lolote, hapa au ughaibuni, huanguka au kusimama kwa kumbukumbu.

Ukifikishiwa pendekezo la suluhu, usisaini siku hiyohiyo. Soma mahali palipoandikwa kuwa malipo ni ya mwisho. Muulize daktari mtoto atahitaji nini miaka 10 ijayo: dawa, mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu, shule maalumu. Shauri likiwa tayari mahakamani kwa niaba ya mtoto, makubaliano yanahitaji ridhaa ya mahakama, nayo ni kinga kwake.

Mama yule hakuchanja siku ile. Alisema anakwenda kuzungumza na baba wa mtoto, nami sikumlazimisha. Nilichukua daftari nikaandika habari ya degedege ya mtoto wa kwanza, tarehe aliyoikumbuka na dalili zote, akaniangalia naandika. Jumatatu iliyofuata walirudi wote wawili. Mtoto alichomwa sindano, akalia kidogo, wakakaa kwenye benchi la nje nusu saa nzima huku baba akitazama saa.