Utunzaji wa Programu Huria Nao ni Kazi ya Sayansi

Mwaka 2022 mwandishi wa makala haya alifika katika shule moja ya sekondari wilayani Ruangwa, akifuatana na wanafunzi wake wawili, ili kutazama chumba cha kompyuta kilichokuwa kimefungwa kwa kufuli. Ndani mlikuwa na kompyuta kumi na mbili kuukuu ambazo shule ilipewa kuwa msaada. Zote ziliwaka. Mwalimu wa somo hilo, kijana mwenye bidii, alikuwa amezipa mfumo endeshi uitwao Debian, ulio programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuusahihisha na kuugawa bila kulipa ada. Hata hivyo hapakuwa na hata moja iliyoweza kuunganika na mtandao usio na waya, ule ambao wengi huuita waifai. Somo la kompyuta likawa linafundishwa ubaoni, kwa chaki.

Sababu yake yafaa ielezwe, kwa kuwa ndiyo kiini cha hoja yangu. Kadi ya redio iliyo ndani ya kompyuta ni kompyuta ndogo kwa nafsi yake, nayo huhitaji programu mbili. Ya kwanza ni kiendeshaji, kinachokaa katika kiini cha mfumo na kuiamrisha kadi. Ya pili hupakiwa ndani ya kadi yenyewe kila inapowashwa, na aghalabu msimbo wake ni siri ya kiwanda. Watengenezaji wa Debian walikuwa na msimamo wa kutoweka kitu chochote cha siri katika diski yao rasmi ya kusimika mfumo. Aliyehitaji programu hiyo ya pili aliambiwa aifuate kwingine. Huko kwingine, kwa mtu aliye Ruangwa, ni mtandaoni. Basi ili kuupata mtandao ilihitajika programu, na ili kuipata programu ulihitajika mtandao. Tulichomeka simu ya mkononi kwa waya wa USB, mfumo ukaitambua bila ya kuuliza neno, tukaichukua programu iliyokosekana, na baada ya muda mfupi kompyuta ya kwanza ikaunganika.

Oktoba ya mwaka huo huo wanachama wa Debian walipiga kura, wakakubali kuziweka programu hizo za siri katika diski ya kusimikia, na toleo la 12 lililotoka Juni 2023 likaja nazo. Wapo wenzangu waliosikitika, wakisema kwamba usafi wa kanuni umetiwa doa. Naheshimu msimamo wao, lakini sikubaliani nao. Kanuni inayomfungia mwanafunzi wa Ruangwa nje ya chumba, na kumwacha mwenye nyaya nzuri za mtandao mjini aendelee na shughuli zake, yapasa ipimwe tena.

Kisa cha pili ni cha Nachingwea, mwishoni mwa mwaka 2025, nacho ni kizito zaidi kwa sababu hapo vifaa vilifanya kazi kwanza, kisha vikaacha. Shule ilinunua vijiti vya USB vya kupokelea mtandao, vya bei nafuu. Fundi mmoja alivipatia kiendeshaji kutoka nje ya kiini cha Linux, akaondoka. Mihula miwili ikapita salama. Siku moja mfumo ukajisasisha, kiini kipya kikaingia, na vijiti vyote vikanyamaza. Mwalimu alitoa daftari lake la zamani la amri, akaandika ile ya kuangalia hali ya redio, na kompyuta ikamjibu kwamba haiijui amri hiyo. Akadhani ameiharibu mali ya shule. Kwa muda wa majuma kadhaa hakumweleza mtu.

Mwalimu yule hakuwa na kosa lolote. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hakitoi ahadi kwamba maungio yake ya ndani yatabaki vilevile. Anayebadili ungio moja analazimika kuvirekebisha viendeshaji vyote vilivyomo ndani ya kiini vinavyolitumia. Kile kilichoachwa nje hakina wa kukirekebisha, nacho hufa kimyakimya. Zana nazo hubadilika. Amri za zamani, ifconfig na iwconfig, zimeachia nafasi zao kwa ip na iw, na tangu toleo la 9 la mwaka 2017 Debian haiweki ifconfig katika usimikaji wa kawaida. Mabadiliko hayo yana sababu njema za kihandisi. Lakini daftari la mwalimu halijisasishi.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kuandaliwa na watu tusiowajua. Viendeshaji vya jamii kadhaa za vijiti kama vile viliingizwa ndani ya kiini mwanzoni mwa mwaka 2023, katika toleo la 6.2, na Debian 13 ya Agosti 2025 inavyo. Tuliposimika toleo hilo, vijiti vikaamka vyenyewe. Miongoni mwa waliobeba kazi ya namna hii alikuwa Larry Finger wa Marekani, aliyetunza viendeshaji vya kadi za Broadcom na Realtek kwa miaka mingi hadi alipofariki Juni 2024. Ni watu wachache mno, na dunia nzima inawaegemea.

Wenyeji wa Nachingwea wanaijua habari hii katika sura nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, pasipo vipuri vya kutosha wala mafundi wa kutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Hata hivyo karanga zenyewe hazikushindikana. Watafiti wa Naliendele walitoa mbegu kadhaa mwaka 2009, mojawapo ikiitwa Nachingwea 2009, na mbegu ya namna hiyo hubaki safi kwa sababu kuna mtu anayeipanda na kuichambua tena na tena, msimu baada ya msimu, bila ya sherehe.

Sasa natoa lawama, nami najihesabu ndani yake. Nilipata shahada ya uzamivu ng'ambo, na katika miaka yote ya masomo hayo hakuna aliyenitaka nirekebishe msimbo ulioandikwa na mtu mwingine. Niliporudi nilikuta mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala aliyochapisha; kiendeshaji alichokitengeneza na kikakubaliwa katika kiini cha Linux hakihesabiwi. Fedha za utafiti nazo hutolewa kwa kitu kipya, kwa miaka miwili au mitatu, kisha hukoma. Baada ya hapo ni kufuli mlangoni.

Yapo mambo tuwezayo kuyaanza bila ya kusubiri fedha nyingi. Linux ina jedwali la sheria za mawimbi ya redio, lenye mistari ya kila nchi. Yetu hutambulika kwa herufi TZ. Nchi isiyo na mistari katika jedwali huwekwa chini ya kanuni za jumla za dunia, zilizo kali kuliko inavyolazimu. Mtu yeyote aweza kupeleka sahihisho, mradi aonyeshe kanuni rasmi, ambazo kwetu hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sioni kwa nini kazi hiyo isiwe ya idara moja ya chuo kikuu chetu, ikikabidhiwa kwa maandishi na kukaguliwa kila mwaka. Vilevile Baraza lingeweza kutenga ruzuku ndogo ya miaka mitano kwa ajili ya utunzaji peke yake, ambayo mwombaji wake haulizwi amebuni nini, bali ni mashine zipi zilizokuwa zikifanya kazi mwaka jana na bado zinafanya kazi mwaka huu.

Mwalimu wa Nachingwea aliomba orodha ya amri mpya, kwa Kiswahili, katika karatasi moja. Wanafunzi wangu wameiandika, wakaweka tarehe juu yake, na wamejiandikia katika kalenda kuipitia tena kila Januari.