Kubaki Dar si Kuukana Ukoo

Mwandishi aliyedai kwamba Mchaga anayekula Krismasi peke yake Dar es Salaam ameukana ukoo wake, ametukosea. Moshi ni zaidi ya kilomita 500 kutoka stendi ya Mbezi, na wauguzi, walinzi na zimamoto hawawezi kuondoka wote kwa pamoja. Mwaka jana zamu ya kubaki iliniangukia mimi. Nilisali misa ya usiku Kanisa la Mtakatifu Yosefu, nikalala, nikapika pilau bila haraka, kisha nikazungumza na mama kwa simu saa nzima. Nyumbani kihambani, katikati ya wageni na mbuzi wa kuchinjwa, saa hiyo hatujawahi kuipata! Pombe yetu ya mbege niliinywa Pasaka, na mama ndiye aliyenijazia kata.