Ukurasa wa Gari: Mpanda Ngazi Hushuka

Ukurasa huu, kama ilivyo ada yake kila mwaka, ni wa wale wapendao kushika spana siku ya mapumziko, watengenezao gari zao na za ndugu zao pasi na kungoja zamu ya warsha. Safari hii hatutasema habari za injini wala za rangi. Tutasema habari za kitu kidogo, cha bei nafuu, kikaacho ndani ya kikopo chini ya boneti, na ambacho wengi hawakikumbuki mpaka iwafikie siku ya hatari. Nacho ni mafuta ya breki.

Swali limetoka kwa kijana wetu mmoja wa Riyadh. Ameipandisha juu Land Cruiser yake, ametia springi nzito, tairi pana na keria ya chuma juu ya paa, na sasa auliza aongeze nini kabla ya kuwapakia wazee na watoto kuwaleta Umra, kisha Jeddah kuonana na jamaa. Jawabu letu ni fupi: usiongeze kitu. Umekwisha kuongeza uzito na nguvu ya kwenda. Sasa kaitazame nguvu ya kusimama.

NJIA ILIVYO

Atokaye Riyadh husafiri zaidi ya kilomita 700 za tambarare hata akafika Taif, na katika masafa yote hayo breki haziulizwi neno kubwa. Taif iko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Makkah iko bondeni. Mwenye kufuata njia ya as-Sayl al-Kabir huzunguka zaidi, lakini mteremko wake ni wa taratibu. Mwenye kufuata njia ya al-Hada, akahirimia Wadi Mahram, huukabili ukingo wa mlima uliopasuliwa na barabara iliyofunguliwa mwaka 1965. Njia ile ni fupi na ya kupendeza, ila hushuka kwa kona baada ya kona mpaka al-Kar.

Jamaa wa Jeddah nao huipanda njia hiyo hiyo wakati wa joto, kwenda kutafuta baridi na zabibu za Taif. Wakati wa kupanda kila mtu huitazama sindano ya joto la injini, maana hofu yake ni rejeta. Jioni wakirudi, sindano imetulia, watoto wamelala, na dereva huona kazi imekwisha. Wazee walisema mpanda ngazi hushuka, na katika habari hii kushuka ndiko kwenye mtihani.

Na tupige hesabu kidogo. Gari la tani 2 likishuka mita 1,000, nguvu inayopaswa kumalizwa njiani yatosha kuchemsha kiasi cha lita 60 za maji, yaani ndoo tatu kubwa, kutoka maji ya bombani mpaka yatokote. Sehemu yake huondolewa na upepo, na sehemu na injini ikiwa dereva amerudisha gia. Iliyobaki yote huingia katika diski na pedi za magurudumu manne. Gari likiwa la tani 3, kwa abiria, mizigo na vyuma vya keria, basi ndoo huwa nne na nusu.

MAFUTA YANYWAYO MAJI

Mafuta ya breki si mafuta kama ya injini. Ni maji maji ya kemikali yenye tabia ya kuvuta unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni. Unyevu hupenya kidogo kidogo kwenye mfuniko wa kikopo na kwenye mipira ya breki, hata kama hakuna panapovuja. Na hapa jamaa wa Jeddah wazingatie zaidi, maana hewa ya pwani yetu imejaa bahari. Hewa ya Riyadh ni kavu, lakini nayo haimwokoi mwenye kukaa miaka sita bila ya kubadilisha.

Ubaya wa maji hayo ni kuwa hushusha kiwango cha kuchemka. Kwa vipimo vya Marekani, vinavyoandikwa kwenye mikebe, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya digrii 205 za sentigredi. Yakishanywa maji ya asilimia 3 hadi 4, kiwango chake cha chini ni 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Breki zinazoshuka mlima mrefu kwa kukanyagwa mfululizo huweza kuyafikisha mafuta katika joto hilo.

Yakichemka, hutoa mvuke ndani ya mabomba. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana mguu wako husukuma pedi. Mvuke hubonyea. Basi unakanyaga, pedali yaenda mpaka sakafuni, na gari halina habari nawe.

KASORO IJIFICHAYO

Jambo hili ndilo tunalotaka lisomwe na kila nyumba. Gari likisimama nusu saa, mvuke hurudi kuwa maji, pedali hurudi juu, na breki hushika kama hakuna kilichotokea. Dereva husema, "Zilinigomea kidogo, kisha zikakubali wenyewe," akamshukuru Mungu, akaendelea na safari. Akilipeleka gari kwa fundi kesho yake, fundi hukanyaga na kuona pedali ngumu, pedi nene, hapana panapovuja, akamwambia kuwa gari ni zima. Hakuna chuma kilichovunjika wala mpira uliopasuka. Mafuta yale yale yamo, yakingoja mteremko wa pili.

Kwa hiyo, mtu wa nyumbani akikwambia pedali ilizama mlimani, iwe ni mkeo, mwanao au mjomba wako mzee, usimwambie ni woga. Tangu Juni 2018 mabinti zetu nao wanaendesha katika nchi hii, na tumewasikia wengine wakiambiwa kuwa hawakukanyaga sawasawa. Pedali iliyozama mara moja ni ushahidi wa kutosha. Badilisha mafuta kabla gari halijatoka tena nje ya mji.

Usichanganye kasoro hii na ile ya pedi kupata moto. Huko pedali hubaki ngumu mguuni lakini gari halipungui mwendo, na harufu kali ya kuungua husikika. Dawa yake ni kupumzisha gari, kisha kuzitazama pedi na diski.

KAZI YA NYUMBANI

Kwa gari la kawaida, kubadilisha mafuta ya breki ni kazi ya asubuhi moja na ya watu wawili. Fanya kila miaka miwili, au mapema zaidi kama kitabu cha gari kimesema hivyo. Soma mfuniko wa kikopo ujue ni DOT ipi. Usitie DOT 5 ya silikoni katika mfumo wa DOT 3 au DOT 4, hazipatani. Wala usithubutu kutia mafuta ya injini au ya usukani, hata tone. Huvimbisha mipira, na hapo gharama yake si ya mkebe mmoja.

Nunua mkebe mpya uliofungwa. Ule uliobaki wazi kabatini tangu mwaka jana umekwisha kunywa maji yake, usiuhurumie. Egesha mahali pa sawa, zuia magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao, na baada ya kupandisha gari kwa jeki weka stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulala chini yake. Jambo hili tumelisema miaka yote na tutalisema tena.

Vuta mafuta machafu kutoka kikoponi, jaza mapya, kisha anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo, isipokuwa kitabu cha gari kikitaja mpango mwingine. Chomeka mpira mwembamba unaopitisha nuru kwenye kichwa cha kutolea upepo, na ncha ya pili iwe ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Mmoja hukanyaga polepole na kushikilia. Mwingine hufungua, huyaacha yatoke, hufunga. Ndipo wa kwanza huachia. Endeleeni mpaka yatoke meupe bila ya mapovu. Kila mara tazameni kikopo kisikauke, maana kikikauka hewa huingia na kazi huanza upya. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi hapo hapo, kwani huibabua. Mwisho jaribuni pedali gari likiwa limesimama, kisha kwa mwendo mdogo, kabla ya kuingia barabarani.

Mwenye gari la zamani asipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi na laini za zamani huweza kuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Magari mengi ya sasa yana breki za ABS, na baadhi yake hayatoi upepo wote mpaka yaunganishwe na mashine ya warsha. Ikiwa kitabu cha gari lako kimesema hivyo, mpelekee fundi wala usione haya. Vile vile masta silinda inayovuja, bomba lenye kutu na mpira wenye nyufa si mambo ya kufungia kwa waya na kusema tutaona kesho.

UKISHUKA

Kabla ya ukingo, simama, angalia mizigo ya juu, rudisha gia ya chini. Gari la otomatiki lina L, 2 au alama ya kutoa, si pambo. Iache injini ilizuie gari, nawe ukanyage breki kwa nguvu ya wastani, upunguze mwendo, uachie zipoe, kisha ukanyage tena. Anayeuacha mguu juu ya pedali kutoka juu hadi chini ndiye anayezipika. Pedali ikizama, pampu haraka haraka, shusha gia, vuta breki ya mkono taratibu, elekea upande wa mlima na usimame. Usimwagie diski maji; huweza kupinda au kupasuka.

KUHUSU WANAFUNZI WETU

Waliokaa al-Hindawiyah watakumbuka kuwa kazi hii haikuwa ya siri. Gari lilifunguliwa mbele ya mlango, katika uchochoro, na aliyekanyaga pedali kwa kawaida alikuwa mtoto wa nyumba au wa jirani, akingoja kusikia "Kanyaga! Shika! Achia!" Hivyo ndivyo wengi walivyojifunza, kwa miguu kabla ya mikono. Ubomoaji wa mitaa ya zamani ya Jeddah, ulioanza mwisho wa 2021 na kuendelea 2022, uliufikia mtaa huo pia, na jamaa wametawanyika katika maghorofa ambako hata kumwaga ndoo ya maji chini ya gari ni ugomvi na bawabu. Vijana wana zana bora kuliko tulizokuwa nazo, lakini wengi hufanya kazi peke yao, na vifaa vya kuvuta mafuta kwa mtu mmoja vimemwondolea mtoto nafasi yake kwenye pedali.

Basi tunatoa shauri. Kila jamaa wakikodi istiraha kabla ya msimu wa Taif au wa Umra, watenge asubuhi moja ya magari. Mafuta ya breki yabadilishwe gari kwa gari, wakubwa wakiwa chini, wadogo, waume kwa wake, wakiwa kwenye pedali. Tarehe iandikwe kwa wino usiofutika kwenye kipande cha tepu karibu na kikopo, ili atakayenunua au kurithi gari ajue. Gharama ya mafuta ya gari moja haifiki bei ya tairi moja ya fahari.

Na wewe kijana wetu wa Riyadh, keria yako ni nzuri na springi zako tumezisifu. Lakini Land Cruiser hiyo ina umri wa miaka tisa, na katika maandishi yako yote hukutaja kuwa mafuta ya breki yamewahi kubadilishwa. Fungua mfuniko uyatazame. Yakiwa rangi ya chai ya mkandaa, usingoje barua ya pili. Ukishamaliza, wapakie wazee, na ukifika al-Hada shuka polepole. Jeddah haiondoki, na chakula utawekewa.

Maswali ya mwaka ujao yaletwe mapema, pamoja na aina ya gari na mwaka wake. Wassalaam.