Kwanza Uione Sarafu



Injili ya Jumapili hii (Mt 22:15-21) huhubiriwa karibu kila mara kwa upande wa Kaisari: kodi, serikali, na haki ya Mungu. Lakini kabla ya lile jibu lililowafunga midomo waliomtega, Yesu alifanya jambo dogo ambalo sisi tunalipita haraka. Aliomba aonyeshwe sarafu. Hakutaka kusema juu ya fedha isiyokuwa mbele yake. Ilipoletwa, akauliza habari za sura iliyochorwa na maandishi yake.

Nalitaja hilo kwa sababu ya biashara inayozidi kuingia katika simu za waamini wetu, yaani sarafu za kale. Mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu alinijia ofisini parokiani. Alikuwa ametuma shilingi laki nne kutoka katika mafao yake kwa mtu aliyemuuzia "dhahabu ya Tabora" kwa picha tu. Sarafu ilifika kweli, kwa basi, ndani ya boksi la simu. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi, na namba ya muuzaji haikupatikana tena. Fedha ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba yule mtu alianza kila ujumbe kwa "Tumsifu Yesu Kristo" na alikuwa ameweka picha ya Bikira Maria.

Dhahabu ya Tabora yenyewe si hadithi. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipokuwa hawapati tena fedha kutoka kwao, walipiga sarafu ya rupia 15 katika karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani. Upande wa pili kuna tembo mbele ya mlima, na chini herufi T. Zilipigwa 16,198 tu, na Septemba mwaka huohuo mji ukaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Kwa kuwa ni chache na wanaozitafuta wako dunia nzima, za kughushi ni nyingi. Iliyo halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu, yaani zaidi ya gramu tano. Muulize sonara bei ya gramu moja, zidisha kwa tano. Anayekuuzia chini ya hapo ama hajui alichonacho, ama anajua kupita kiasi.

Klementi wa Aleksandria na Origene wanataja usemi uliodhaniwa kuwa wa Bwana, ingawa haumo katika Injili nne: kwamba wanafunzi wawe kama wavunja fedha hodari, wanaojua kutenga halisi na bandia. Mtume Paulo naye anawataka Wathesalonike wayapime mambo yote (1 Thes 5:21). Mvunja fedha wa zamani alipima kwa mizani, akaigonga sarafu asikie mlio wake. Kwenye simu huwezi kugonga chochote. Kwa hiyo anayepimwa ni muuzaji.

Mwaminifu ana jina lake kamili na mahali anapopatikana. Anakupa picha za pande zote mbili za sarafu ileile atakayokutumia, anaandika uzito na upana wake, anatoa risiti, na anakubali kwa maandishi kuipokea tena ikionekana si halisi. Wafanyabiashara wakubwa wana chama chao cha kimataifa, IAPN, kilichoanzishwa mwaka 1951, na wanachama wake hudhamini uhalisi wa wanachouza. Orodha yao iko wazi. Itafute mwenyewe, usipite kwenye kiungo alichokutumia muuzaji. Marekani kuna kampuni za ukaguzi, PCGS na NGC, zinazoifunga sarafu ndani ya kijaluba cha plastiki chenye namba unayoweza kuihakiki. Lakini vijaluba navyo hughushiwa, basi linganisha sarafu na kumbukumbu za kampuni, si namba peke yake.

Haraka ni dalili mbaya. "Kuna mteja Dubai anaisubiri" ni ndugu wa damu wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Mimi namwamini zaidi muuzaji anayeanza na kasoro: hapa imekwaruzwa, hapa ilitobolewa ikavaliwa shingoni.

Upo pia udanganyifu usiohitaji kughushi. Reale ya Maria Theresa, iliyozunguka sana katika pwani yetu, ina mwaka 1780, ambao malkia huyo alifariki. Lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile hadi karne ya 20, hata Roma, London na Bombay. Anayekwambia, "Ni ya 1780, soma mwenyewe," amekuonyesha maandishi ya kweli ili uamini uongo. Halafu kuna "senti ya mjane" wanayouziwa mahujaji. Nyingi ni za mfalme Aleksanda Yanai, aliyekufa mwaka 76 kabla ya Kristo, na kwa kuwa ni nyingi hazina bei kubwa. Cheti kinachodai kuwa mjane wa Injili aliishika hiyo yako, kitupe.

Tusiwaangalie wauzaji tu. Kitabu cha Mithali (20:14) kinamjua mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenye nacho, kisha akienda zake anajisifu. Katekisimu, namba 2409, inaitaja miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba tabia ya kujinufaisha katika bei kwa ujinga au shida ya mwingine. Wapo vijana wanaozunguka vijijini wakinunua rupia za vikongwe kwa bei ya kilo mbili za sukari, na wengine ni wanakwaya wazuri kabisa. Wapo na wanaoeneza maneno kwamba rupia fulani ina nguvu za ajabu, ili watu wauze ng'ombe wazitafute. Huo ni wizi na ushirikina katika mfuko mmoja, na wote wawili wanahitaji kitubio pamoja na kurudisha walichochukua.

Bibi mwenye sarafu ya mumewe sandukuni asiisugue kwa majivu wala ndimu, maana ikisuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Aipime kwa sonara huku akiitazama, aonyeshe watu wawili wasiojuana, na mjukuu wake awepo kabla hajataja bei.