Mpeni Binti Mwiko

Mafundi wa Buyenzi na Bwiza, wazazi wa Kamenge na Kinama, nanyi mnaoinua nyumba kule Carama na Kajaga, nina ombi moja kwenu. Halisubiri bajeti ya serikali wala mfadhili.

Piteni kwenye mjengo wowote wa Bujumbura asubuhi. Wanawake wamo. Wanabeba matofali, wanapandisha mchanga uliochotwa mtoni, wanateka maji ya kuchanganyia zege, na si ajabu kumkuta mmoja ana mtoto mgongoni. Basi ile hoja kwamba ujenzi ni mzito mno kwa mwanamke tuiache, maana mzigo mzito kuliko yote pale ndio tuliomtwika yeye. Kushika mwiko, timazi na pima maji, kazi inayodai jicho na utulivu kuliko misuli, hiyo ndiyo tumemnyima. Msaidizi anaweza kubeba karai miaka kumi, na mwaka wa kumi na moja akalipwa ujira wa kubeba karai. Fundi anamzidi mbali kwa malipo ya siku moja, na ndiye anayepigiwa simu nyumba nyingine inapoanza.

Kinachowatenganisha hawa wawili ni mtu wa kuonyesha kazi. Sisi wa Buyenzi hatuhitaji kuelezwa hilo. Kijana anaingia gereji hajui lolote, anaanza kwa kuosha vyuma, anatumwa spana, anakosea, anafokewa, anarudi kesho yake. Baada ya miaka michache gari la mteja liko mikononi mwake, na hakuna aliyemuuliza diploma. Utaratibu huo umelisha nyumba nyingi za mtaa huu. Wasichana hawakuwamo. Hakuna kikao kilichokaa kuwazuia. Ni kwamba fundi anapotaka mwanafunzi huchukua mtoto wa ndugu au wa jirani, na picha inayomjia kichwani ni ya mvulana.

Nchi yetu si ngeni katika kumwamini mwanamke. Sylvie Kinigi alikuwa waziri mkuu mwaka 1993, wakati mgumu kuliko zote, na Katiba ya 2005 iliweka kiwango cha wanawake serikalini na bungeni kisipungue asilimia 30. Lakini hakuna ibara inayofika hadi juu ya jukwaa la mafundi. Huko ni hiari yetu, na ndiyo maana ninaandika.

Majirani wamekwisha kujaribu. Nairobi, mwaka 2018, Tatu Gatere na wenzake walianzisha Buildher: wasichana wa mitaa ya kipato cha chini wanafundishwa useremala, kupaka rangi na kuweka vigae, halafu wanapelekwa kwenye mijengo halisi. Tanzania nayo, kupitia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ina mpango ulioanza mwaka 2003 ambapo mhitimu wa chuo hukaa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu. Norway ilikuja kugharamia nafasi za wanawake ndani yake. Mfano huu wa pili naupenda zaidi, kwa sababu unakiri kwamba hata mwenye shahada hajawa mhandisi mpaka mtu amshike mkono. Binti anayemaliza shule ya ufundi ya ETS Kamenge, au sayansi ya uhandisi pale Chuo Kikuu cha Burundi, anatoka na cheti chake. Nani wa kumpokea?

Na kazi ipo. Tunakumbuka mafuriko ya Februari 2014 yaliyofagia nyumba za kaskazini mwa mji na kuua makumi ya watu kwa usiku mmoja. Tunauona mto Ntahangwa unavyokula kingo zake mvua kwa mvua, na Ziwa Tanganyika lilivyoingia Gatumba. Mji wa namna hii utajenga kuta za kuzuia udongo, mifereji na madaraja kwa miaka mingi ijayo. Reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati kwetu nayo inakuja, na itataka wapimaji, wachomeleaji na mafundi umeme. Wageni watakaoijenga watawachukua waliokwisha kujua kazi. Hawatangoja tuwafundishe wetu.

Wazazi, hofu yenu naijua, tena ina msingi. Mjengo wetu wa kawaida hauna choo cha maana, hauna pa kubadilishia nguo, na wapo wasimamizi wanaodai mwili wa msichana ndipo watoe kazi. Jambo hilo lisifunikwe kwa maneno laini. Binti asipelekwe kwa fundi kama anavyopelekwa mzigo: nendeni naye, mwoneni fundi uso kwa uso, mkubaliane muda, posho ya kila siku na nini atakuwa amejifunza kila miezi mitatu. Ikiwezekana wapelekwe wawili pamoja. Mmoja peke yake kati ya wanaume ishirini huchoka upesi, hata wakiwa watu wema.

Nawe fundi, usimpokee kwa huruma. Mfokee pale unapomfokea mvulana, mpe ukuta wa nyuma ajifunzie, ubomoe ukipinda, aujenge tena. Unachopaswa kumwahidi ni kwamba hatabaki kwenye karai.

Mwenye nyumba ndiye mwenye nguvu kuliko wote hapa, ingawa mara nyingi hajui. Ni fedha yake, na fundi humsikiliza. Kiangazi kikianza mwezi Juni, mvua zikikatika na kila mtu akitafuta fundi, utaketi na wako kupanga bei. Kabla ya kupeana mikono mwambie: katika timu yako nataka binti mmoja anayejifunza kujenga, sio kubeba, na posho yake naihesabu humu humu. Gharama yake ukiilinganisha na nyumba nzima ni ndogo. Mkikubaliana, andikeni jina lake kwenye karatasi ile ile ya saruji na nondo, na siku ya kulipa muulizeni mwenyewe amejenga ukuta upi.