Sindano si Hukumu ya Kifo

Hapa Mulongwe liko neno baya linalotembea sokoni, ufukoni kwa wavuvi, hata mlangoni pa kanisa: "Akianza sindano ya sukari, hesabu siku zake." Neno hilo ni uwongo, nalo linaua watu.

Tufikiri vizuri. Vidonge vya sukari si insulini. Vingine huisukuma kongosho iitoe insulini. Vingine huusaidia mwili kuitumia iliyopo. Lakini miaka ikipita, kongosho za wagonjwa wengi huchoka. Mvuvi wa ndagala anajua: taa ikiishiwa mafuta, kupandisha utambi hakufai kitu. Sharti atie mafuta. Sindano ndiyo mafuta hayo.

Mbona basi wengine hufa baada ya kuanza sindano? Kwa kuwa walichelewa! Walikataa shauri la mganga mpaka figo zikaharibika na mguu ukaoza. Ndipo wakabebwa hospitalini. Je, tumlaumu aliyekuja kuzima moto, ama waliomzuia njiani? Mwaka 1922, mjini Toronto katika Kanada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa karibu kufa kwa ugonjwa huu. Alichomwa insulini, akaishi miaka 13 tena. Hiyo ndiyo hukumu ya kifo?

Wengine husema: "Tupa dawa, tuombe tu." Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga na kutodharau dawa. Tuombe, ndiyo, lakini anayemtupisha mgonjwa dawa yake anamjaribu Mungu.

Shida za kweli zipo: bei, na mahali pa baridi pa kuiweka. Mwaka 1923 wagunduzi waliuza haki yao kwa dola moja moja tu, ili dawa isiwe ya matajiri peke yao. Sisi je, tunashindwa kuchanga? Mwenye friji apokee chupa ya jirani, asiigandishe. Pasipo friji, chungu ndani ya chungu, na mchanga wenye maji katikati, kivulini, hupunguza joto. Aliyechomwa sindano asikae bila kula. Akitetemeka na kutoka jasho, anywe maji ya sukari upesi.

Ndugu, mganga akisema vidonge havitoshi tena, tusimtishe mgonjwa. Tumsindikize.