Si Umeme Uliowafukuza Wapigaji

Wapo wasemao kwamba umeme ndio uliouua muziki wa asili. Kauli hiyo husikika hapa pwani kila itajwapo taarabu ya kisasa. Husikika pia kule ziwani, Migori na Homa Bay, zitajwapo bendi zinazotegemea kinanda cha umeme na tarakilishi. Sisi hatukubaliani nayo, na ushahidi wetu ni historia ya muziki wa kule kule ziwani.

Asili yao ni nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpigaji hukaa juu ya kigoda, vidole vya mikono vikidonoa nyuzi. Kidole gumba cha mguu, kilichovikwa pete ya chuma, hugonga ubavu wa ala hiyo hiyo, na njuga hulia mguuni. Mtu ni mmoja, sauti ni za kundi zima. Baada ya Vita Vikuu vya Pili magitaa yalienea vijijini, mengine yakiletwa na askari waliorudi. Vijana hawakuitupa nyatiti. Waliihamishia kwenye gitaa, wakadonoa uzi mmoja mmoja badala ya kuzipiga zote kwa pamoja. Ndiyo benga hiyo.

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, Tanzania, hatua chache kutoka mpaka wa Migori. Katika miaka ya 1960 alivuka akaingia Kenya, na bendi yake ya Shirati Jazz ikawa miongoni mwa zilizoipeleka benga kwenye magitaa ya umeme. Je, umeme ulimfunga ulimi? Hasha! Misiani aliimba kwa mafumbo mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006, na mafumbo hayo yalimtia matatani na serikali zaidi ya mara moja.

Benga hiyo ya umeme ilisafiri. Katika miaka ya 1970 santuri za mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo, nyingine zikiwa na chapa ya Sungura, zilifika kusini mwa Afrika. Huko Zimbabwe watu waliuita muziki huo kanindo, na jina la chapa ile likawa jina la muziki wao wenyewe, sungura, hata leo. Neno letu la Kiswahili limevuka mto Zambezi kwa mgongo wa gitaa la Kijaluo! Naye Princess Jully wa Migori, aliyefariki mwaka 2024, alitumia magitaa hayo hayo mwaka 1997 kuuonya umma juu ya UKIMWI katika wimbo wake Dunia Mbaya.

Basi kilichoharibika ni nini? Ni hesabu ya fedha. Kinanda kimoja cha leo hutoa ngoma, besi na filimbi. Mwenye sherehe huona afadhali amlipe mtu mmoja kuliko wanane. Wale saba hurudi nyumbani, nao hawapati mwanafunzi, kwani ni kijana gani atakayejifunza kazi isiyolipa? Hapa kwetu fidla na udi zimepatwa na yayo hayo.

Lakini njia nyingine ipo. Mwaka 2011 bendi ya Owiny Sigoma ilitoa sahani yake ya kwanza. Mpiga nyatiti Joseph Nyamungu na mpiga ngoma Charles Owoko walikaa pamoja na vijana wa London wenye vinanda vya umeme. Mashine iliwekwa kando ya nyatiti, haikuwekwa mahali pake. Hilo ndilo tulitakalo.

Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay, zilizoanza kazi mwaka 2013, hazikosi sherehe za kuwaalika wapigaji. Na ziwaalike bendi kamili, ziwalipe wote, na ziwarekodi mafundi wazee wangali hai. Nasi wa pwani tufanye hivyo katika harusi zetu.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mpiga nyatiti amejivika yake ya chuma. Iliyobaki ni juu yetu.